Raba Moja ya Jimu na ya Kukimbia: Namna ya Kuichagua

Anayenyanyua vyuma mara tatu kwa wiki na kufunga zoezi kwa kukimbia kilomita mbili au tatu hana haja ya kununua pea mbili za raba. Pea moja inamtosha, mradi aichague akijua anachokitafuta. Ugumu ni kwamba kazi hizi mbili zinavutana. Vyuma vinadai soli imara, isiyobonyea, iliyotulia sakafuni. Mbio zinadai soli yenye sponji ya kupokea kishindo kila mguu unapotua. Kiatu cha kazi zote mbili kimepunguza upande mmoja ili kiongeze mwingine, na kwenye boksi hapaandikwi kimepunguza wapi. Utalijua hilo kwa kukishika, kukikunja, kukivaa na kuruka nacho kabla hujatoa pesa.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1987 Nike walitoa Air Trainer 1, kiatu alichokibuni Tinker Hatfield baada ya kuona watu wakiingia jimu na kiatu cha kukimbia mguuni na kingine mkobani. Alikipa soli ya kuuzuia mguu usiteleze kwenda pembeni, na mkanda wa kubana sehemu ya mbele. John McEnroe akakivaa hadi kwenye uwanja wa tenisi. Reebok Nano ya mwaka 2011 na Nike Metcon ya mwaka 2015 zikafuata, zikiegemea zaidi upande wa vyuma. Tangu hapo kampuni nyingi zina kiatu chao cha namna hii, na maswali ya kujiuliza hayajabadilika: kisigino kimeinuka kiasi gani, sponji ni laini kiasi gani, na mguu unashikwa vipi pembeni.

Hatua ya 1: Andika mazoezi unayoyafanya kweli

Chukua karatasi uandike mazoezi ya wiki mbili zilizopita. Andika uliyoyafanya, uliyoyapanga yaache. Mtu anayekimbia mara moja kwa mwezi akinunua kiatu cha mbio kwa sababu anakusudia kuanza, atakuwa anachuchumaa na vyuma juu ya sponji nene mwaka mzima.

Kuna mambo matatu ya kuyaangalia kwenye karatasi hiyo: uzito mkubwa zaidi unaochuchumaa nao au kuunyanyua kutoka sakafuni, wingi wa mazoezi ya kuruka na ya kwenda upande kwa upande, na kilomita unazokimbia kwa mkupuo bila kusimama.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini mambo hayo yana uzito. Chukua mtu wa kilo 70. Akichuchumaa na kilo 80 mabegani, miguu yake miwili inabeba kilo 150, polepole, kwa sekunde kadhaa. Anachohitaji ni kutoyumba. Akikimbia, kila mguu unapotua unapokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wake, sawa na kilo 140 hadi 210, tena mguu mmoja peke yake, ndani ya robo sekunde hivi. Kilomita 5 kwa nusu saa ni kama hatua 5,000. Hapo anachohitaji ni kitu cha kupunguza makali ya kishindo kinachojirudia.

Kwa hiyo soma karatasi yako hivi. Kama hukimbii zaidi ya kilomita 3 kwa mkupuo na muda mwingi uko kwenye vyuma, tafuta raba ya mazoezi iliyo ngumu kisiginoni, na mbio zako zitavumilika. Kama unakimbia kilomita 3 hadi 5 mara mbili kwa wiki, tafuta raba ya mazoezi yenye sponji laini zaidi mbele na kisigino ambacho bado ni imara. Hili ndilo kundi ambalo mwongozo huu unalilenga hasa. Mipaka hii ni makadirio, mwili wako unaweza kuisogeza kidogo.

Ukizidi kilomita 5 kwa mkupuo kila wiki, au unajiandaa kwa mashindano, nunua kiatu cha kukimbia na ubaki na kingine cha jimu, hata kama cha jimu ni cha bei ndogo. Nasema hivi bila kusitasita. Kigimbi na kano ya kisigino hudai malipo yake mapema kuliko mtu anavyotarajia, na raba ya kazi mbili haikutengenezwa kubeba masafa hayo.

Hatua ya 2: Jua kilichomo ndani ya soli

Chini ya wayo wako kuna tabaka tatu. Ya juu ni kitanda chembamba cha ndani, ambacho mara nyingi kinatoka. Ya chini kabisa ni mpira unaogusa ardhi. Katikati ni sponji, na hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Sponji iliyozoeleka zaidi ni EVA. Ni nyepesi, na watengenezaji wanaweza kuifanya laini au ngumu watakavyo. Ubaya wake ni kwamba hujikandamiza kwa matumizi na haifufuki yote. Sponji ya TPU ni nzito zaidi, inadunda zaidi na hudumu. Ile ya PEBA ni nyepesi sana na inarusha mguu kwa nguvu, ndiyo maana unaikuta kwenye viatu vya mashindano. Kwa jimu PEBA haifai: ni laini, huwekwa nene, na ukisimama na vyuma mabegani mguu unaelea badala ya kukanyaga.

Unene nao una habari yake. Viatu vya mbio vilipanda mpaka World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, mwaka 2020 ikaweka kikomo cha milimita 40 za soli kwa mashindano ya barabarani. Raba za mazoezi ziko chini zaidi, nyingi kati ya milimita 20 na 30 kisiginoni. Kadiri wayo unavyokuwa mbali na sakafu ndivyo kifundo cha mguu kinavyofanya kazi zaidi kukuzuia usipinduke, na hilo utalihisi kwanza unapotua kutoka kwenye boksi la kurukia au unapobadili mwelekeo ghafla.

Kisha kuna mteremko, yaani tofauti ya kimo cha soli kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Viatu vingi vya kukimbia vya kawaida vina milimita 8 hadi 12. Viatu vya wanyanyua uzito wa mashindano vina kisigino kigumu kinachokaribia milimita 20. Raba za mazoezi huwa na 4 hadi 8, na kwa mtu wa jimu anayekimbia kidogo, huo ndio upeo wa kutafuta. Mteremko mdogo huongeza kazi ya kigimbi na kano ya kisigino; mkubwa huhamishia sehemu ya kazi hiyo gotini. Kwa hiyo kama umekuwa ukivaa kiatu cha milimita 10 kwa miaka na kano yako ya kisigino huwa inakaza asubuhi, usirukie 4. Chagua 7 au 8. Kama unashindwa kuchuchumaa hadi chini bila visigino kuinuka, mteremko wa juu kidogo utakusaidia pia. Mwenye vifundo laini na kigimbi imara atafurahia 4.

Jambo moja wauzaji hawalitaji: namba hiyo imepimwa kiatu kikiwa kitupu. Kisigino kikiwa na sponji laini, uzito wako unakizamisha, na mteremko ulioandikwa 8 unabaki mdogo kuliko huo. Ndiyo maana viatu viwili vyenye namba moja vinaweza kukaa mguuni tofauti kabisa. Isome namba, lakini hukumu uitoe kwa jaribio la mkono.

Hatua ya 3: Kishike kabla hujakivaa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Dakika mbili za kukishika zinaondoa nusu ya viatu vilivyo rafuni.

Anza na kisigino. Bonyeza ubavu wa sponji kwa kidole gumba, kisha ingiza mkono ndani ukandamize chini ya kisigino. Kidole kikizama bila kusukumwa, hicho ni kiatu cha mbio, hata kama kibandiko kinasema cha mazoezi. Kikigoma kabisa kama ubao, utakimbia nacho kilomita moja na kujuta. Unachotaka ni kubonyea kidogo kisha kukataa. Sogea mbele ubonyeze tena chini ya vidole: hapo panaruhusiwa kuwa laini zaidi, na pazuri pakiwa hivyo, kwa sababu huko ndiko unakorukia na kujisukumia unapokimbia.

Sasa kikunje. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, uvisogeze. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vyako vinapokunjika, kwenye sehemu pana ya mbele. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa wayo, kirudishe rafuni, hakuna cha kujadili: mguu haukunjiki pale, na kila hatua kiatu kitakuwa kinauvuta upinde wako kinyume cha maumbile. Kisipokunjika popote, huenda kina bamba gumu ndani, la kaboni au plastiki. Bamba hilo ni zuri kwa mwenye kukimbia kasi barabarani, lakini jaribu kushusha goti sakafuni au kukaa kwenye mkao wa kupiga pushapu ukiwa na kiatu kisichokunjika vidoleni, utaelewa kwa nini halifai jimu.

Kisokote kama unavyokamua nguo. Kigome kiasi. Kinachojisokota chote kama kitambaa kitauacha mguu wako ujishike wenyewe unapokwenda pembeni.

Bana ukuta wa nyuma unaozunguka kisigino. Usibondeke kirahisi. Ukuta huo ndio unaokishika kisigino kisihame, na mtu anayekimbia na kuchuchumaa kwenye kiatu hichohicho anauhitaji kuliko mwingine yeyote.

Mwisho, kiweke juu ya meza bapa ukitazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa meza. Kimesimama wima? Viatu vipya vilivyoinama kiwandani vipo. Kisha kitazame kwa juu: soli inapaswa kuwa pana sawa na kitambaa cha juu, au ijitokeze kidogo nje yake, hasa kisiginoni na chini ya kidole kidogo. Soli ikiwa nyembamba kuliko mguu, ukienda pembeni mguu utamwagika nje yake. Angalia pia ncha. Ikiwa imejipinda sana kuelekea juu, kiatu kimeundwa kukubiringisha mbele, na ukisimama na vyuma utajikuta unavutwa kwenye vidole.

Mpira wa chini nao ugeuze uutazame. Vijino virefu ni vya njia za udongo na vinashika vibaya kwenye sakafu laini. Soli ambayo sponji yake imeachwa wazi bila mpira ni nyepesi, lakini lami itaila upesi. Kwa matumizi yetu, mpira mwembamba uliofunika karibu soli nzima, wenye michoro mifupi, ndio unaofaa.

Hatua ya 4: Sehemu ya juu

Hapa sitakuchosha. Wavu unaopitisha hewa ni mzuri kwa joto la mbio, lakini kwenye pande za mguu uwe umeimarishwa kwa tabaka la ziada, la sivyo utatanuka na mguu utaanza kucheza ndani. Kama unapanda kamba, tafuta mpira uliopanda ubavuni kwenye upinde, maana kamba hukata kitambaa. Ulimi ushikwe pande zote mbili usikimbilie upande mmoja. Viatu vya kuchomeka bila kamba viache. Haviwezi kubanwa kulingana na zoezi, na zoezi ndilo linalobadilika.

Uzito wa kiatu kimoja kwa raba hizi mara nyingi huangukia kati ya gramu 250 na 350, kutegemea saizi. Kwa anayekimbia mara mbili kwa wiki, kilicho karibu na 280 ni raha zaidi kuliko cha 350. Tofauti haionekani unapokishika dukani. Inaonekana kwenye kilomita ya tatu.

Hatua ya 5: Pima mguu wako upya

Miguu hubadilika na umri, uzito na ujauzito. Saizi uliyovaa miaka mitano iliyopita si ushahidi wa chochote.

Pima jioni, baada ya kutembea mchana, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na huvimba tena unapofanya mazoezi. Vaa soksi zilezile za mazoezi. Weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, uzito wote ukiwa kwenye mguu huo, na mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Kidole kirefu zaidi si lazima kiwe gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili. Pima miguu yote miwili na ufuate ulio mkubwa.

Ukishapata sentimita zako, zitumie hizo kuliko namba ya saizi. Saizi moja ya mfumo wa Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Saizi moja ya mfumo wa Uingereza ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Mifumo miwili hiyo haigongani sawasawa, kwa hiyo majedwali ya kubadilisha hukadiria, na kila kampuni hukadiria kwa namna yake. Kwenye kibandiko cha ndani ya ulimi kwa kawaida kuna sentimita pia. Hizo ndizo za kulinganisha.

Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, kama sentimita moja. Anayenyanyua tu angeweza kupunguza, lakini unapokimbia mguu husogea mbele kidogo kila hatua, na kucha zinazogonga ncha ya kiatu huwa nyeusi. Ukijiona uko kati ya saizi mbili, chukua kubwa kisha ubane kamba.

Upana ndio unaosahaulika, nao ndio chanzo cha malalamiko mengi kuhusu kiatu ambacho urefu wake uko sawa. Fanya hivi: toa kitanda cha ndani, kiweke sakafuni, simama juu yake. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya kingo zake, kiatu ni chembamba kwako, na hakuna kiasi cha kuvaa kitakachokifanya kiwe kipana pasipo kuharibika. Kampuni kadhaa hutoa upana tofauti kwa herufi: kwa wanaume D ni ya kawaida, 2E ni pana na 4E ni pana zaidi, kwa wanawake ya kawaida ni B, na D kwao huhesabiwa pana. Mwanamke mwenye mguu mpana anaweza kujaribu toleo la wanaume lenye sentimita zilezile, ambalo mara nyingi huwa pana zaidi.

Vidole vipate nafasi ya kutanuka. Unapochuchumaa na uzito, vidole hujitandaza kushika sakafu. Vikiwa vimebanwa kama vidole vya mtu aliyevaa kiatu cha harusi, msingi wako wote unapungua upana.

Umbo la wayo lisikutawale

Utakutana na mtu atakayekwambia ulowanishe wayo, ukanyage karatasi, kisha alama ya maji ikuchagulie kiatu: wayo bapa kiatu hiki, upinde wa juu kile. Jambo hilo lilipimwa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2009 na 2010. Kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la wayo, jingine likapewa aina moja ya kiatu bila kujali umbo. Majeraha hayakupungua kwa maana yoyote katika kundi lililochaguliwa kwa wayo. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walipendekeza kipimo rahisi zaidi: mwili huchuja viatu kwa starehe, na kiatu unachokihisi vizuri mguuni ndicho kinachouacha mguu utembee kwa njia yake.

Mimi nafuata upande huo. Starehe ya dukani, ukiipima kwa mwendo badala ya kukaa kwenye kiti, ina thamani kuliko alama ya maji. Tofauti ni mtu mwenye maumivu yasiyoisha, aliyewahi kuumia vibaya, au mwenye kisukari ambaye hisia za miguu zimepungua. Huyo aanze kwa daktari, kwa sababu kwake starehe inaweza kudanganya.

Hatua ya 6: Dakika kumi za kukijaribu

Vaa vyote viwili, funga kamba kikamilifu, kisha ufuate mpangilio huu.

Simama kimya kwanza, nusu dakika. Sikiliza kama kuna mshono unaogusa, kama upinde unasukumwa na kitu, kama kidole kidogo kimeegemea ukuta. Kinachokera sasa kitaumiza baadaye. Raba haitakiwi kuzoewa kwa mateso. Msemo kwamba kitalainika ulikuwa wa viatu vya ngozi.

Simama kwa mguu mmoja, sekunde ishirini kila upande. Ukijikuta kifundo kinatetemeka kuliko ukiwa pekupeku, sponji ni laini mno au nene mno kwako.

Chuchumaa polepole mara tano hadi chini uwezavyo. Usikie uzito ukigawanyika sehemu tatu: kisigino, chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo. Mtu mwingine akutazame kwa nyuma, au ujirekodi kwa simu: kisigino kikilala ndani unaposhuka na goti likakifuata, kiatu hicho kinakuongezea tatizo. Ukiweza kushika dambeli au begi zito, bora zaidi, maana sponji hujifichua chini ya mzigo.

Piga hatua ndefu mbele ushushe goti la nyuma karibu na sakafu. Mguu wa nyuma ndio unaoupima: vidole vikunjike bila soli kupigana nao, na kisigino kisichomoke.

Ruka pembeni kushoto na kulia mara kadhaa, kwa nguvu. Mguu ukiteleza ndani ya kiatu mpaka ukagonga ukuta, bana kamba ujaribu tena. Ukiteleza tena, kiache.

Halafu kimbia. Usione haya, omba nafasi hata kama ni kutoka mlango hadi ukuta wa nyuma, mara sita au saba. Mlio mzito wa pa-pa-pa kila unapotua ni dalili kwamba kiatu ni kigumu kwa namna yako ya kukimbia, au ni kizito mbele. Angalia pia kisigino: kikipanda na kushuka ndani, tumia tundu la mwisho la kamba, lile la ziada karibu na kifundo. Pitisha kamba ndani yake ifanye kitanzi upande uleule, kisha uvuke kamba ya pili kwenye kitanzi hicho kabla ya kufunga. Hilo hukishika kisigino bila kuubana mguu juu.

Ukiwa umenunua mtandaoni, fanya yote haya ndani ya nyumba kwenye sakafu safi, vibandiko vikiwa havijatolewa, na uhakikishe mapema kwamba muuzaji anapokea kiatu kilichorudishwa na kwa siku ngapi.

Vikibaki viatu viwili vilivyofaulu yote, mimi ningechukua kilicho imara zaidi kisiginoni kuliko kilicho laini zaidi. Ugumu kidogo kwenye kilomita tatu unavumilika na unaweza kupunguza mwendo. Ukiyumba na uzito mabegani, huna namna ya kujipunguzia.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza, na kukitunza

Kitumie kwenye vyuma mara mbili tatu kabla ya kukimbia nacho. Mbio ya kwanza iwe kilomita moja, na kama mteremko umeshuka kulinganisha na kiatu cha zamani, chukua wiki tatu hivi kufikia umbali wako wa kawaida. Kigimbi kikiuma siku moja au mbili ni kawaida. Kano ya kisigino ikiuma hatua za kwanza za asubuhi, rudi nyuma.

Usikifanye kiatu cha kutembelea mjini. Kutembea nacho kutwa nzima kunaikandamiza sponji ya kisigino, na sponji hiyo hutaikuta siku ya vyuma. Kikilowa jasho, toa kitanda cha ndani na ujaze karatasi kavu. Joto la heta au jua kali linalegeza gundi na kukausha sponji. Mashine ya kufulia usiitumie. Brashi, sabuni kidogo na maji ya baridi vinatosha.

Viatu vya kukimbia kwa kawaida huhesabiwa kuwa vimechoka kati ya kilomita 500 na 800. Kwa raba ya kazi mbili hesabu ya kilomita haitoshi, kwa sababu kuruka na vyuma haviingii kwenye hesabu hiyo. Tazama dalili: mikunjo ya kudumu ubavuni mwa sponji isiyoondoka hata kiatu kikipumzika siku mbili, michoro iliyofutika chini ya kidole gumba, ukuta wa kisigino uliolegea, au maumivu mapya ya goti na kigimbi wakati mazoezi hayajabadilika. Kila baada ya wiki chache virudishe juu ya meza bapa uvitazame tena kwa nyuma. Kimoja kikiwa kimelala kuliko kingine, acha kuchuchumaa nacho na vyuma kuanzia siku hiyo, hata kama kitambaa cha juu bado kinang'aa.